Barua kwa mwanangu wa kwanza, juu ya ule moto wa mwezi wa nane

Mwanangu, papa yangu,

Bwana asifiwe. Huku tuko wazima, baba yako anakusalimia, wadogo zako wanakusalimia, ile mbuzi nyeupe imezaa mapacha na moja tumeandika jina lako. Jua siku hizi linazama jekundu vile unavyolijua, moshi umejaa kuanzia upande wa Kasenga mpaka hapa kwetu, na asubuhi nikitoka nakuta majivu meusi membamba yamelala juu ya nguo nilizoanika jana, inabidi nifue tena. Mwezi wa nane wa kwetu haubadiliki.

Nakuandikia juu ya lile neno ulilosema kwa simu siku ya Mungu. Nilikuambia mdogo wako wa mwisho nimemkamata na kiberiti nyuma ya choo, yeye na mtoto wa shemashi, wamekusanya majani makavu kama watu wa kazi, na wewe ukacheka, halafu ukanyamaza, halafu ukasema, "Mama, huyo mutoto usimufanyie vile ulinifanyia miye." Kisha kredi ikaisha, au ulikata, sijui. Usiku ule sikupata usingizi kabisa. Miaka tisa mwanangu! Mimi nilidhani ule mzigo uliutua zamani, kumbe umeenda nao mpaka Kolwezi.

Sasa ngoja nikueleze yote kama yalivyokuwa, kwa sababu wewe ulikuwa na miaka tisa na mtoto wa miaka tisa anaona upande mmoja tu, na mimi nilikuwa mama wa miaka thelathini na mbili, mwenye mimba, bwana yake hayupo, na mimi pia niliona upande mmoja tu. Tukiweka pande zote mbili pamoja labda tutaona vizuri.

Unakumbuka tulivyotoka Katuba, mjini Lubumbashi, tukaja kuishi huku porini, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, juu baba yako alisema Mungu amemwita aanzishe misheni, mahali pa kufundisha Neno na kulima, na bana wa barabarani wale wanaowaita shege wapate kitanda na jembe. Jamaa nane tulikuja. Kanisa tulilijenga kwa matofali ya kuchoma na mabati, lakini nyumba zetu karibu zote zilikuwa za nyasi juu, na jiko la nyasi, na ghala la nyasi, na ile payoti ya maombi, kibanda cha nyasi, ambayo wewe na wadogo zako mlipenda kulala ndani mchana kwa sababu kuna baridi nzuri. Kuzunguka sisi, pori. Nyasi ikifika mwezi wa tano inampita mtu mrefu kichwa. Sisi watu wa Katuba tulikuwa tunajua moto wa mbabula, jiko la makaa, moto wa nyasi hatukuujua.

Nkambo, mzee wa kijiji, ndiye alituambia. Alikuja mwezi wa tano mwaka ule wa 2016, akaketi kwenye kile kiti chake, akakataa chai akaomba munkoyo, kile kinywaji chetu, akasema mama pasta, choma sasa, wakati nyasi ingali na maji miguuni, zungusha mkanda wa hatua kumi na tano misheni yote, moto wa sasa ni mpole, unakula juu juu tu na jioni ukipata umande unalala wenyewe, lakini ukingoja mwezi wa nane na wa tisa nyasi imekuwa karatasi na upepo umeamka, moto ule hautaki kusikia mtu. Na si yeye peke yake. Yule ndugu mwagronomi aliyekuja kutufundisha kilimo alisema neno lile lile kwa njia ya shule. Alituambia kule Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, tangu 1933 wazungu wa misitu waligawa pori kama letu vipande vipande, kipande kimoja wakakichoma kila mwaka mapema, kingine kila mwaka mwisho wa kiangazi, kingine wakakilinda kisiguswe na moto, na baada ya miaka mingi kile cha moto wa mwisho miti ikaisha ikabaki nyasi, kile cha moto wa mapema miti ikaendelea kusimama. Akasema ardhi inayoungua duniani kila mwaka, karibu asilimia 70 iko hapa Afrika, satelaiti zinaona, na ukanda wetu huu wa miombo ni kati ya sehemu zinazowaka sana. Nilisikia yote. Niliandika hata kwenye kaye, daftari langu, kaye bado ninayo.

Na komite walipogawa kazi, kazi ya ule mkanda ilipewa nani? Mimi. Baba yako alikuwa anasafiri sana kwa seminari, wakasema mama pasta atasimamia, atachukua vijana siku tatu wamalize. Nikasema ndiyo. Mwezi wa sita tukawa na wageni wa mkutano, nikasema wiki ijayo. Mwezi wa saba mdogo wako wa tatu akashikwa na malaria, na mimi mwenyewe mimba ilikuwa inanisumbua, nikasema wiki ijayo. Na kuna kitu kingine ambacho sijawahi kumwambia mtu ila baba yako. Kila ijumaa kwenye mkesha tulikuwa tunaomba lile neno la Zekaria, Bwana uwe ukuta wa moto kuzunguka misheni yetu, na mimi nilikuwa nalia kabisa nikiomba, na ndani ya moyo nilijisikia kwamba kazi imekwisha kufanyika. Nilimpa Mungu kazi ambayo yeye alikuwa amenipa mimi. Nasema hivyo bila kuficha, papa, kwa sababu hapo ndipo moto ule ulianzia, mwezi wa tano, kabla wewe hujagusa kiberiti.

Siku yenyewe ilikuwa alhamisi. Baba yako alikuwa Likasi, pikipiki alienda nayo. Vijana wakubwa walikuwa shamba la mbali kule kijitoni. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, saa nane hivi mchana, nikaona mwewe wengi wanazunguka juu upande wa jua linapotokea, nikashangaa mwewe wanatafuta nini, sikujua bado kwamba mwewe wanafuata moto wakamate panzi na panya wanaokimbia. Halafu mdogo wako wa pili, yule wa miaka sita, akatoka mbio ndani ya nyumba amefurahi, mikono juu, anaimba, "Mama, mvula inakuya! Mvula inakuya!" Na kweli nikasikia, shaaa, kama mvua kubwa inakuja juu ya majani. Nikainua macho mbingu ni nyeupe, hakuna wingu hata moja. Mwezi wa nane mvua itoke wapi? Mwili wangu wote ukawa baridi.

Nikapiga ile jante, chuma cha gurudumu, iliyotundikwa kwenye mwembe mpaka mkono ukafa ganzi. Tulikuwa bamama saba, wazee wawili na batoto. Tukakimbilia kisima na bidon, kisima mwezi wa nane si unakijua, unavuta kamba mpaka inaisha unapata maji nusu yenye matope. Tulikuwa tunamwaga bidon ya lita 20 na moto unaruka hata haukuona. Joto lilikuwa linakuja mbele ya moto lenyewe, linakusukuma kifua kama mtu. Payoti ilienda kwa wakati wa kusema baba yetu uliye mbinguni, haikufika hata amina. Halafu jiko, halafu nyumba ya mama wa kwanza kule mwisho, cheche zilikuwa zinaruka juu ya vichwa vyetu zinatua kwenye nyasi ya paa, na mama yule akaingia kuchukua godoro, nikamvuta kwa kitenge, mikono yake ilikuwa imeungua tayari na bado alikuwa anapigana na mimi anataka kurudi.

Nkambo akatokea na bana wake watatu. Akapiga kelele, wacheni maji! Kateni matawi mabichi! Akatupanga msitari, unapiga unarudi nyuma, mwingine anaingia, usipige ukiinua juu utatawanya cheche, piga ukandamize. Halafu yeye mwenyewe akachukua moto akaenda mpaka pale kiwanja kilichofagiwa kinapoishia na nyasi inapoanza, akawasha. Mimi nikadhani mzee amepata wazimu, anaongeza moto kwenye moto, nikamshika shati. Akasema, "Mama, wacha. Huu ni wetu." Moto wake ulienda polepole kupigana na upepo, unakula nyasi kidogo kidogo, na ule mkubwa ulipofika ukakuta chakula hakuna. Ulisimama. Nilishuhudia kwa macho yangu moto mrefu kama nyumba unasimama, unazunguka, unakufa.

Ndiyo maana kanisa lilibaki. Watu mpaka leo wanatoa ushuhuda kwamba kanisa lilibaki kwa muujiza na mimi sikatai, lakini nakuambia pia kwamba bamama walikuwa wanafagia kile kiwanja kila jumamosi mpaka udongo mtupu, hatua arobaini kila upande, na nkambo hakuwa na mahali pengine pa kuanzia moto wake ila pale kwenye mstari wa ufagio. Siwezi kutenganisha hivyo viwili.

Na ninyi mlikuwa humo ndani ya kanisa. Niliwafungia na yule dada wa kufundisha sande skul, vitambaa vyenye maji usoni. Aliniambia baadaye kwamba aliwaambia hadithi ya Shadraka na Meshaki na Abednego ili msilie, na mdogo wako wa pili akahesabu, yaya, yaani wewe mkubwa wake, mmoja, miye wa mbili, katoto wa tatu, tuko batatu ndani ya moto, akauliza, "Na wa nne iko wapi?" Wote wakacheka kidogo. Wewe hukucheka. Alisema wewe ulikuwa umelala kifudifudi chini ya benchi la mwisho, mikono juu ya masikio, na alidhani ni woga tu. Wa nne alikuwa tumboni mwangu, miezi mitano, nje kule, nakimbia naye na tawi. Ndiye huyu huyu wa kiberiti.

Hakufa mtu. Nyumba tano ziliungua, na ghala lenye mahindi ya jamaa tatu, na mizinga ya nyuki ya nkambo, na miche yote ya miti tuliyopanda. Na tanuru la yule kijana wa makala, mchoma makaa. Hilo hukulijua vizuri nadhani. Alikuwa amefanya kazi wiki nyingi, kukata, kupanga, kufunika udongo, na tanuru lilikuwa karibu kuiva, moto ulipita juu yake majani yakaungua udongo ukapasuka, hewa ikaingia, makala yote yakawa majivu. Yeye ndiye aliyepoteza kuliko sisi wote, sisi tulikuwa na ndugu wa kutuletea mablanketi kutoka mjini, yeye alikuwa na baiskeli tu.

Na ni yeye waliyemshika. Usiku ule ule baada ya nyimbo mtu mmoja akasema moto umetoka kwa mtu wa makala, nani mwingine anacheza na moto porini? Mwingine akaongeza kwamba haji kanisani, mwingine kwamba siku ya Mungu anafanya kazi. Mpaka asubuhi ilikuwa imekuwa ukweli. Ijumaa vijana wetu, vijana wa misheni papa, wale tuliowatoa barabarani tukawafundisha upendo, walienda wakamvunjia baiskeli kwa mawe. Akakimbilia kwa shangazi yake Ruashi.

Jumamosi nkambo akaniita twende tutembee. Hakusema kwa nini. Tukaingia kwenye ule weusi, viatu vinatoa vumbi, na akaanza kunionyesha kama mtu anasoma kitabu. Akanionyesha pembeni, pale moto ulipokwenda polepole, mabua ya nyasi yameanguka yote yanaelekeza upande mmoja, akasema yanaangukia kule moto ulikotoka. Akanionyesha mawe, upande mmoja yamekuwa meusi upande wa pili masafi. Tukafuata, tukafuata, tukapita tanuru la kijana wa makala mbali kabisa, yaani moto ulilikuta tanuru njiani, haukuzaliwa pale. Tukafika kwenye kile kichuguu kikubwa chenye mti juu, chini yake kuna matundu ya panya yamechimbwa kwa fimbo. Na kopo la sardini. Na kiberiti changu cha jikoni, nusu kimeungua, lakini ile kona niliyokata ili nikijue ilikuwa bado.

Nilijua palepale. Sardini ile baba yako alileta kutoka safari, kopo moja, mligawana ninyi watatu na wewe ukabaki na kopo.

Nkambo alikiona kiberiti kabla yangu. Akaweka mguu wake juu yake polepole, akatazama mbali, akasema, "Mama pasta, macho yangu imezeeka. Sioni kitu." Halafu akaanza kurudi peke yake akaniacha nimesimama pale. Mzee yule, Mungu amuweke mahali pema, alinipa nafasi ya kuchagua na hakuniuliza hata siku moja nilichagua nini.

Nilikifunga kiberiti kwenye pindo la kitenge. Siku mbili nilitembea nacho. Na nitakuambia ukweli, nilifikiria kukitupa chooni. Nilifikiria jina la baba yako, nilifikiria watu watasema bana wa pasta ndio wamechoma misheni, nilifikiria wewe. Kijana wa makala ameshaondoka, nikajiambia, atapata pori lingine. Na wewe usiku ulikuwa unakojoa kitandani, ulikuwa umeacha zamani, na chakula hukuli, nikakupa dawa ya malaria huku najua si malaria. Mwanangu hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilikumezesha vidonge vichungu nikijua ugonjwa wako uko kwenye pindo la kitenge changu.

Siku ya Mungu mhubiri mgeni akasimama akamshukuru Mungu aliyefunua adui katikati yetu. Watu wakapiga makofi. Sikuweza tena. Jioni nikakuita nyuma ya nyumba, nikafungua kitenge, hata sikuuliza, ukasema, "Ni miye." Na kabla sijajibu ukauliza kama Mungu atakuchoma na wewe. Nilikukumbatia, unakumbuka? Labda hukumbuki. Unakumbuka jumatatu.

Jumatatu. Ndiyo, nilikuchukua, tukapanda kamyo ya makala mpaka Ruashi, mimi na tumbo langu na wewe na shati la shule, na wazazi wa wale wenzako wawili mliochimba nao panya walikataa kuja, wakasema mambo ya batoto. Tukafika kwenye ile parseli, kiwanja cha shangazi yake, watu wengi, jirani wanatazama, bamama wanaosuka nywele wameacha kusuka. Nikakuambia sema. Na ukasema, sauti haitoki, na suruali yako ikalowa mbele ya watu wote. Vile ndivyo unavyonikumbuka, mama aliyesimama nyuma yako na mkono begani hakukufunika. Najua. Naiona picha ile kila mwaka nyasi ikikauka.

Sasa nikuambie usilolijua. Yule kijana alikuambia nenda kanunue maji kwa jirani, akakupa franka mia tano. Ulipotoka nikapiga magoti, na tumbo lile, nikamwambia mtoto aliwasha lakini mkanda ulikuwa wangu, niliambiwa mwezi wa tano nikaacha, kama ungekuwepo ule moto wa panya ungeishia kwenye udongo. Akaniinua kwa nguvu, akakasirika kabisa, akasema mama mwenye mimba hapigi magoti kwangu. Halafu akavua shati upande mmoja akanionyesha kovu mgongoni. Akasema yeye utotoni alichoma ghala la mjomba wake, vile vile kwa ajili ya panya, na mjomba alimpiga kwa chuma, na tangu siku ile hakuna mtu aliyekaa naye chini kuongea jambo lile, alitoroka tu. Akasema, "Huyu wako umemuleta kwa mukono. Munirudishie tu kinga yangu." Baiskeli anaiita kinga mpaka leo. Baba yako alimnunulia nyingine mwezi wa tisa, tuliuza meza.

Na lingine. Wewe umeishi miaka yote ukidhani kanisa lote waliambiwa jina lako. Nimelijua juzi tu kwa namna ulivyonyamaza kwenye simu. Hapana papa. Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele, ninyi batoto mlikuwa sande skul, nikasema moto uliwashwa na mikono ya hapa hapa misheni, wala si mtu wa makala, na kwamba kazi ya mkanda ilikuwa yangu na sikuifanya, na kwamba vijana waliovunja baiskeli waende kuomba msamaha na mimi ndio nitawapeleka. Jina lako sikulitaja. Kuna jamaa moja iliondoka misheni kwa sababu hiyo, walisema pasta ameshindwa kutawala nyumba yake. Baba yako hakunilaumu hata kidogo, alikaa usiku kucha na taa akiandika nini sijui, asubuhi akachukua panga akaenda kukata nyasi kuzunguka zile nyumba zilizobaki, peke yake, mwezi wa nane, jua kali vile.

Kwa hiyo nakuomba msamaha, na nataka ujue wa nini. Kukupeleka kwa yule kijana, hapana, hiyo sitaomba msamaha, mtu alikuwa anabeba dhambi isiyo yake na baiskeli yake imevunjwa, ilikuwa lazima asikie kutoka kinywa kilichojua. Ninachoomba unisamehe ni kwamba nilikuacha utembee kama mkosaji peke yako. Yale maneno niliyoyasema kwa magoti nilingoja wewe utoke ndipo niyaseme. Ningeyasema mbele yako! Ungesimama pale unajua mama naye anakiri, tungekuwa wawili. Nilikuwa na haya kupiga magoti mbele ya mwanangu, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nikakuachia wewe aibu yako na sehemu ya kwangu, na mtoto anabeba tu anachopewa.

Nilikuwa naona dalili na nikawa napita. 2018, ile mwezi wa kumi na moja, baba yako alituonyesha kwenye simu picha za Paradise kule California, mji mzima umeungua siku moja, watu 85 wamekufa, magari yameyeyuka barabarani, na wadogo zako wakawa wanauliza maswali na wewe ukatoka nje ukarudi giza limeingia. Nilikuwekea bukari, ugali wetu, ukala kimya. Kwa nini sikukufuata nje? Nilisema atakua ataacha.

Lakini nakumbuka pia mambo mengine na nataka uyakumbuke. Wiki mbili tatu baada ya moto, mvua bado mbali, miti ikatoa majani mapya mekundu juu ya ule weusi, pori lote jekundu kama kitenge cha sikukuu, na wewe ndiye ulikuja kuniita nitazame, ilikuwa mara ya kwanza unanisemesha bila mimi kuuliza. Na mwezi wa tano uliofuata nkambo alikuja na kijana wa makala, wawili, wakaomba wale batoto watatu. Mkachoma mkanda. Ulikuwa na miaka kumi, tawi lako refu kuliko wewe, uso mweusi, unapiga kelele kwa wenzako usiinue juu, kandamiza! Tangu mwaka ule mkanda haujakosa hata mara moja, nkambo alipokufa kijana wa makala akaendelea kuja, na mwaka jana ulisimamia wewe kabla ya kwenda. Mwaka huu tumeuchoma mwezi wa sita mwanzoni. Wiki iliyopita moto umekuja tena kutoka upande wa mto, usiku, tulikaa nje na matawi tukautazama ukifika kwenye mkanda na kugeuka.

Sasa huyu mdogo wako. Tangu siku ya Mungu sijamfanya kitu, neno lako limenishika mkono. Hakuchoma kitu, nilimkuta kabla, lakini hasemi, anapita mbali na mimi, na kiberiti kiko hapa kwenye pindo la kitenge tena, unaamini? Nimeanza kumwambia mara mbili nikakwama. Hajui habari ya 2016. Anajua tu kwamba alikuwa tumboni wakati wa moto mkubwa, na anajisifu nayo shuleni.

Jumamosi jioni baba yako atakuwa ameshacharji simu kwa sola ya shemashi. Piga saa kumi na mbili na nusu, kabla hawajaanza maombi. Nitampa yeye kwanza. Mwambie habari ya kopo la sardini, wewe mwenyewe, namna unavyoona wewe, hata kama ni kunisema mimi vibaya, mimi nitakaa karibu nisikie. Ukimaliza mwambie anipe simu, halafu mimi nitasema sehemu yangu mkiwa wote wawili mnanisikia.

Mama yako